Bi Usikate wa Jengo la Nguzo Saba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini na bosi ametoka, isogeze redio karibu. Leo tunamkumbuka mama ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona. Lakini kama uliwahi kupiga simu ya serikali miaka ile ya waya na plagi, huenda sauti yake iliwahi kuingia sikioni mwako.

Tunamkumbuka Bi Usikate.

Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwa binti yake, akiwa na miaka themanini na mmoja. Tulimzika Alhamisi. Katika miaka hiyo themanini na mmoja, karibu sitini aliimaliza ndani ya jengo moja tu. Yeye alitulia. Jengo ndilo lililokataa kutulia. Lilikuwa ofisi ya wilaya, likawa mahakama, likawa kliniki ya mama na mtoto, likawa chuo, na sasa ni maktaba. Sisi watu hubadilisha kazi. Hapa nyumba ndiyo iliyokuwa ikibadilisha kazi, na mama huyu akabaki palepale, chini ya ngazi zilezile.

Kwa nini alibaki? Hilo ndilo la leo.

Tuanze na jengo lenyewe, maana nalo lina visa vyake. Lina ghorofa moja, kuta nene, ngazi pana za mawe, na nguzo mbele. Nguzo saba. Narudia, saba, na ukumbuke hilo maana tutalirudia. Zamani zilikuwa nane. Kisha likaletwa kabati la chuma la kutunzia nyaraka, kubwa kuliko akili ya aliyeliagiza, likagoma kupita. Mkubwa mmoja akaamuru nguzo moja ivunjwe, kabati lipite, halafu nguzo ijengwe upya. Kabati likapita. Nguzo inasubiriwa mpaka leo. Kwa hiyo kushoto kwa mlango ziko nne, kulia ziko tatu, na jengo zima linaonekana kama mtu aliyeng'oka jino la mbele akakataa kufunga mdomo.

Bi Usikate alikuta mambo yako hivyo. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili, opereta wa simu, ofisi ya wilaya. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Chembamba, dari limeinama, dirisha la upana wa viganja viwili. Kupitia dirisha hilo hakuona watu, aliona viatu vyao na miguu ya nguzo. Mbele yake ulikuwepo ubao wa swichibodi, matundu yamejipanga mistari, taa ndogo juu ya kila tundu, na waya zenye plagi za shaba. Taa ikiwaka, anachomeka. "Usikate, nakuunganisha." Maneno hayo aliyasema mara mia kwa siku. Ndiyo maana mji mzima ukasahau jina lake ukamwita Bi Usikate.

Sasa sikieni utaratibu wa kazi ile, wasikilizaji wapendwa. Opereta alikatazwa kutaja jina lake kwenye laini. Ni marufuku kabisa. Kila kituo kiliitwa kwa namba. Yeye aliitwa Makao. Na kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ofisi hazijafunguliwa, alijaribu laini zote ishirini, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na desturi yake. Mtu wa kituo cha mbali anahesabu moja mpaka tano. Makao anamalizia sita mpaka kumi. Namba zote kumi zikisikika vizuri, anaandika kwenye daftari: nzima. Basi, imekwisha, anakwenda laini inayofuata. Nusu dakika.

Laini Kumi na Nne ilichukua zaidi ya nusu dakika.

Kumi na Nne kilikuwa kituo kidogo cha serikali huko juu milimani, safari ya siku mbili kwa lori. Opereta wake alikuwa mwanaume. Sauti nzito, ya taratibu. Miezi ya kwanza walihesabu tu, kama watu wa heshima. Kisha asubuhi moja ya mvua, baada ya kumi, yule bwana akasema, "Makao, leo umehesabu kama mtu aliyenyimwa chai."

Bi Usikate akaangua kicheko. Kweli, chai alikuwa hajanywa.

Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi kuna neno moja, mawili. Mvua huko vipi. Viatu gani vimepita dirishani. Siku moja akamwambia habari za nguzo.

"Saba?" akauliza Kumi na Nne. "Jengo la serikali? Makao, umeamka vibaya. Serikali haijengi nguzo saba. Kahesabu tena."

Akavua kisikilizio, akatoka nje, akahesabu kwa kidole, karani mmoja anamwangalia akidhani amechanganyikiwa. Akarudi. "Saba."

"Nitakuja mwenyewe nizihesabu. Zikiwa nane, chai unalipa wewe; zikiwa saba, nalipa mimi."

"Njoo. Utazikuta saba, na mimi utanikuta hapahapa."

Hapo ndipo lilipotoka lile neno. Utanikuta hapahapa. Lilitoka kwa mzaha, na likamshika maisha yake yote.

Bwana yule hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Likizo alikuwa akinyimwa kwa sababu kituoni hakukuwa na wa kumshikia zamu. Kila mwaka anaomba, kila mwaka anaambiwa mwakani. Na kila mwaka anamwambia Makao, "Usiziguse nguzo zangu."

Naomba niwasimulie asubuhi moja. Bi Usikate alikuwa ameolewa na fundi wa magari, mtu mwema. Mumewe alifariki ghafla, yeye ana miaka ishirini na minne na mtoto wa kike wa miaka miwili mgongoni. Akarudi kazini baada ya siku kumi. Saa moja na nusu, Laini Kumi na Nne. Yule bwana akahesabu mpaka tano. Yeye akasema sita, na sauti ikakatika. Haikutoka tena. Kule juu mtu akasubiri. Baada ya muda akasema mwenyewe, polepole: "Saba. Nane. Tisa. Kumi. Laini nzima, Makao. Andika nzima."

Akaandika nzima.

Binti yake, ambaye leo ni fundi cherehani na nywele zimeanza kuwa nyeupe, ndiye aliyenisimulia hayo. Nilimuuliza kama mama yake alimpenda mtu yule. Akacheka. Akaniambia, "Hata mimi nilimuuliza. Nilikuwa msichana, najiona nimekua. Nikamwambia, mama, huyo mtu wa simu ulimpenda? Akanitazama, akasema, wewe nishikie uzi hapo, acha maneno mengi. Lakini sindano alikuwa hajaitunga."

Miaka kumi na mmoja ilikwenda hivyo. Kumi na mmoja, kila asubuhi ya kazi, sauti kwa sauti. Sura hajui. Jina hajui.

Kisha serikali ikajenga ofisi mpya ya wilaya, upande mwingine wa mji, ya vioo. Watu wakahama na mafaili yao. Kabati la chuma halikupata wa kulibeba, likaachwa. Siku ya mwisho ya swichibodi ilikuwa Jumatatu. Mafundi walitakiwa kufika saa tatu. Wakafika saa moja na nusu. Niambieni, ni lini mara ya mwisho fundi aliwahi kufika mapema? Siku hiyo moja.

Kumi na Nne alikuwa amehesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Makao akaanza. Sita. Saba. Nane. Fundi, nyuma ya ubao, akang'oa waya mkuu.

"Samahani, mama," fundi akasema. "Nilidhani umemaliza."

Tisa na kumi zilibaki mdomoni.

Aliulizia. Akaambiwa laini ile haitahamishwa, kituo cha milimani kimefungwa, watumishi wametawanywa. Aliandika barua mbili, kwa Opereta wa Laini Kumi na Nne. Ukiandikia mtu usiyemjua jina, posta watafanyaje? Zilirudi zote mbili na mihuri. Wakubwa wakamwita ofisi mpya. Swichibodi mpya, kiti cha kuzunguka, cheo cha msimamizi. Akakataa. Mkubwa wake akadhani hajasikia vizuri, akarudia. Akakataa tena.

Mama yake mzazi, bibi wa huyu fundi cherehani, alikuja juu. "Mwanangu, una mtoto wa kulea. Unakataa cheo kwa sababu ya nguzo?"

Naye akajibu, "Mama, kuna mtu ameahidi kuja kuzihesabu. Akija akanikosa, atamhesabia nani?"

Basi akabaki na jengo. Jengo likawa mahakama.

Chumba cha mkuu wa wilaya kikawa ukumbi wa hakimu. Stoo ya mafaili ikatiwa nondo dirishani, ikawa mahabusu. Bi Usikate akapewa kazi mbili: kuita watu waingie kesini, na kupokea simu, maana sasa ilikuwepo simu moja tu, mezani, karibu na mlango. Sauti yake ilikuwa tamu mno kwa kazi hiyo. Watu walikuwa wakiingia kizimbani wanatabasamu. Hakimu mmoja alimwomba angalau akunje uso.

Lakini wiki ya kwanza alifanya kosa, na kosa hilo ni la mtu wa simu tu. Simu ililia, mdomo ukajibu wenyewe kwa mazoea: "Ofisi ya wilaya." Aliyepiga alikuwa mzee, shahidi wa kesi ya shamba la nduguye. Alitaka kujua mahali pa kwenda. Akasikia ofisi ya wilaya, akakata, akaenda kule kwenye vioo. Akakaa kwenye benchi mpaka saa nane. Huku kesi ikasikilizwa bila yeye, na nduguye akalikosa shamba.

Bi Usikate alilia siku hiyo. Akajiwekea sheria, na sheria hiyo hakuivunja tena: simu hujibiwa kwa jina la nyumba ya leo. Si la jana. Nyumba ikihama kazi, mdomo nao uhame.

Mahakama ilikaa miaka minane, ikaondoka. Ikaja kliniki, miaka tisa. Pale kizimbani ukawekwa mzani wa watoto. Kwenye nondo za mahabusu zikaanikwa nepi. Kuna watu wazima wananisikiliza sasa hivi ambao walizaliwa mle ndani, na ni Bi Usikate aliyemwita baba yako kutoka kwenye benchi. "Namba ishirini na mbili, ingia. Ni wa kike." Baada ya kliniki kikaja chuo cha makarani, miaka kumi. Hapo akafundisha. Alisimama mbele ya wasichana thelathini, chaki mkononi, akawafundisha kupokea simu. Taja jina la nyumba ya leo. Anayeulizia ofisi iliyohama, mwambie ilihama. Mshukuru kwa kupiga. Na la nne, ambalo alilipigia mstari ubaoni mara mbili: usikate wewe. Msubiri aliyepiga akate kwanza, maana huenda bado ana neno.

Huyo ndiye mama yetu. Na ninyi mnaonipigia hapa studio mkakata katikati ya salamu, mmesikia.

Alistaafu akiwa na sitini. Mwaka huohuo jengo likawa maktaba. Kila mtu alitegemea atakwenda kupumzika. Kesho yake saa moja na nusu akawa yuko ngazini, anangoja mlango ufunguliwe. Mkuu wa maktaba, bwana mpole mwenye miwani, anakumbuka vizuri. "Nilimuuliza, mama, unatafuta kitabu? Akaniambia, hapana, natafuta kiti." Akampa kiti, ndani ya kile chumba cha chini ya ngazi. Kikawa chumba cha watoto kusomewa hadithi. Miaka ishirini na mmoja aliwasomea humo, bila mshahara. Na kabla ya kila hadithi kulikuwa na mchezo. Watoto wanahesabu moja mpaka tano, yeye anamalizia mpaka kumi. Halafu anasema, "Nzima," ndipo anafungua kitabu.

"Na sisi nyumbani ilikuwa hivyohivyo," anasema binti yake. "Mimi, halafu wajukuu. Tulidhani ni namna yake ya kufundisha hesabu."

Miaka sita iliyopita maktaba ilikarabatiwa. Mhandisi akaja na mchoro safi, na kwenye mchoro nguzo zilikuwa nane. Alitaka kuliziba lile pengo, jengo lirudi lilivyokuwa. Kijana wa watu ana nia njema. Bi Usikate, miaka sabini na mitano, akatoka na kiti chake, akakiweka kwenye lile pengo, akakaa. Siku tatu. Mafundi wanakuja na saruji, wanamkuta anasoma gazeti.

Mhandisi akamwambia, "Bibi, jengo linataka kupendeza."

"Lipendeze ndani. Hapa kuna mtu atakuja kuhesabu saba. Akikuta nane, atajua amekosea nyumba, ataondoka."

"Atakuja lini, bibi?"

Hapo, anasema mkuu wa maktaba, mama alifunua ukurasa mwingine. Aliinamia gazeti lake. Lakini hakuinuka. Mhandisi akafuta nguzo ya nane kwenye mchoro kwa mkono wake mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, alingoja miaka arobaini na minane. Hakuja mtu. Jumanne iliyopita akafariki.

Jumatano binti yake akaleta tangazo la msiba hapa redioni. Msomaji wetu alitaka kulifupisha, mnajua muda wa matangazo ulivyo. Binti akakataa hata neno moja kuguswa. Kwa hiyo likasomwa hivi: aliyekuwa opereta wa simu katika jengo la nguzo saba. Likasomwa Jumatano asubuhi, saa moja na nusu, maana huo ndio wakati wetu wa matangazo ya vifo.

Ijumaa simu ya studio ikalia. Nilipokea mimi. Sauti nzito, ya taratibu, ya mtu mzee sana. Hakutoa jina. Aliuliza, "Hizo nguzo, ni kweli ni saba?"

Nikamwita fundi cherehani. Alikuja mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Nikampa simu, nikafungua spika, na kwa ruhusa yao wote wawili ninawasimulia tuliyoyasikia.

Mzee alisema alipelekwa kituo kingine, na kingine, kila kimoja mbali zaidi na mji huu. Alisema alipiga simu kwenye jengo lile mara tatu katika maisha yake. Mara ya kwanza akaambiwa hapa ni mahakama, kesi yako namba ngapi? Mtu wa haraka, mwanaume, akakata. Mara ya pili muuguzi akamwambia hapa ni kliniki, nyuma mtoto analia, naye akakata. Mara ya tatu ikapokewa na msichana mwenye adabu nyingi. Akasema, hapa ni chuo cha makarani. Mzee akauliza habari za opereta wa ofisi ya wilaya. Msichana akasema, ofisi ya wilaya ilihama. Asante kwa kupiga.

"Nikadhani alihama nayo," mzee akasema. "Ofisi mpya ya wilaya nikaulizia pia, hawakumjua. Lakini yule binti wa chuo, nilimkumbuka siku zote. Hakukata. Alikaa kimya, ananisubiri. Nilimsikia anapumua. Mimi ndiye niliyekata."

Fundi cherehani alishika meza. Maneno yale aliyajua, hata sisi sasa tunayajua. Aliyemfundisha msichana yule alikuwa mama yake. Huenda alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake dakika ileile, chaki mkononi, ameridhika kwamba mwanafunzi amejibu sawasawa. Hatujui. Mimi nimejaribu kutolifikiria, nimeshindwa.

Hakumwambia mzee. Alimwambia tu, "Baba, mama alikuwepo. Hakuhama. Nguzo ni saba, aliwazuia wasijenge ya nane."

Mzee akakohoa, akasema, "Basi alisema kweli. Chai nalipa mimi." Halafu akaanza, bila kuambiwa. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

Yule mama mtu mzima, machozi yanadondoka kwenye futi yake, akajibu. Mchezo wa nyumbani, mchezo wa utotoni. "Sita. Saba. Nane." Akavuta pumzi. "Tisa. Kumi."

"Nzima," mzee akasema.

Na hakukata. Wala binti hakukata. Walikaa hivyo mpaka mimi nikatoka chumbani, maana hilo halikuwa langu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo hiki, natoa pole kwa binti yake fundi cherehani, kwa wajukuu, kwa mkuu wa maktaba na watoto wote waliosomewa chini ya ngazi, na kwa wale makarani wake ambao mpaka leo wanamsubiri mtu akate kwanza. Poleni sana. Na pole kwako, mzee wetu wa Laini Kumi na Nne. Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Tunaingia kwenye majengo haya, tunachukua hati, dawa, cheti, tunatoka. Tunajua jina la ofisi. Mtu aliyekaa humo miaka yote, anayejua benchi lilikuwa wapi na nani alilia juu yake, tunampita. Ukienda kesho, msalimie. Muulize amekaa hapo tangu lini, halafu usiondoke kabla hajamaliza kujibu.

Neno la mwisho. Mzee amesema atakuja. Ni safari ndefu kwa umri wake, mjukuu wake atamleta, Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo ukipita pale maktaba Jumamosi, ukamwona mzee amesimama chini ya ngazi anahesabu nguzo kwa kidole, usimsaidie. Akifika saba akaanza tena upya, usimsahihishe. Mwache ahesabu.